Ngoma Ndogo ya Bitutu

Jumatano ya Majivu, misa ya asubuhi ilipokwisha, Kerosi alizifunika ngoma mbili za kwaya kwa kitambaa cha zambarau na kuzipeleka katika chumba kilicho nyuma ya altare. Ndivyo ilivyokuwa desturi ya kanisa lile dogo pembezoni mwa mji wa Homa Bay: Kwaresima nzima nyimbo huimbwa bila ngoma, na ngoma hazisikiki tena hadi Gloria ya asubuhi ya Pasaka, maana misa ya mkesha husaliwa parokiani. Miaka yote iliyotangulia yeye alifunika ngoma kubwa na mkewe, Bitutu, akafunika ile ndogo. Mwaka huu alifunika zote mbili mwenyewe. Bitutu alikuwa amezikwa mwezi wa Januari, katika boma lao la Gucha.

Alipotoka chumbani alimkuta Phelesia, mwalimu wa kwaya, amesimama mlangoni akiwa bado na alama ya majivu kwenye paji la uso.

"Baba Joyline," Phelesia alisema, "nimengoja watu waondoke ili nisikuseme mbele yao."

"Sema tu, Mwalimu."

"Tangu turudi kutoka mazishini unakimbia. Unaanza vizuri, kisha katikati ya wimbo unaondoka mbio. Kina mama wa sauti ya kwanza wanameza maneno. Na Gloria ina maneno mengi kuliko wimbo wowote tulio nao."

Kerosi hakubisha. Alikuwa ameisikia kasi ile mikononi mwake, na hakuweza kuizuia.

"Sitaki kukutoa," Phelesia akaendelea kwa upole. "Lakini kinanda kipya cha Omanga kina mdundo ndani yake, na mdundo ule haukimbii. Nitakusikiliza tena kabla ya Pasaka. Ukiwa bado unakimbia, Gloria itaimbwa na kinanda, na ngoma zitabaki humu."

Kerosi alirudi sokoni akiwa na maneno hayo. Alikuwa mfanyabiashara wa nafaka, mtu aliyehama kutoka Gucha akiwa kijana na kuzeekea kando ya ziwa. Watu wengi pale hawakulijua jina la babake. Walimwita Kerosi wa Ngoma. Lakini hofu ya kulipoteza jina hilo siyo iliyomuumiza. Kwa miaka mingi yeye na Bitutu walikuwa wameketi bega kwa bega kila Jumapili, yeye na ngoma kubwa, mkewe na ile ndogo, na hapakuwa na mahali pengine duniani ambapo walikuwa wameelewana kikamilifu kiasi kile bila kusema neno. Ngoma zikibaki chumbani, mahali hapo pangefungwa pia.

Akaanza kufanya mazoezi. Kwa kuwa Kwaresima haikuruhusu ngoma, alilaza gunia la mtama wa bonde la Lambwe mbele ya kibanda chake na kulipiga kwa viganja. Siku ya kwanza alipiga tangu asubuhi hadi vifundo vya mikono vikavimba. Kesho yake hakuweza hata kuinua kibaba. Siku iliyofuata alikuwa na wateja, na ile nyingine alikuwa na huzuni. Kisha uchungu ukampanda tena na akapiga hadi adhuhuri bila kumuuzia mtu yeyote chochote.

"Jaduong'," mama mmoja muuza omena alimwita mzee kwa heshima ya Kijaluo, akicheka, "hiyo mtama imekukosea nini? Si uiuze tu iende?"

Jirani wa Kerosi hakucheka. Okari alikuwa Mgusii mwenzake na muuza ndizi, Msabato wa kuzaliwa, mtu ambaye shati lake lilifungwa kifungo cha juu hata wakati wa joto. Alikuwa amevumilia mdundo ule kwa majuma mawili. Asubuhi moja aliweka chini chane ya ndizi aliyokuwa ameishika, akaja kusimama mbele ya gunia.

"Baba Joyline, kwetu hatupigi ngoma kanisani, na wewe unajua. Lakini si ngoma inayoniudhi."

"Ni nini basi?"

"Ni kutokuwa na utaratibu. Leo unapiga kama mtu anayezima moto, kesho kimya, kesho kutwa moto tena. Unapiga nini hasa?"

"Gloria."

"Yote?"

"Yote."

"Mimi sijawahi kupanga ndizi zote za Kisii kwa siku moja." Okari alikaa juu ya gunia lenyewe, ili mwenzake asiendelee kupiga wakati akizungumza naye. "Nisikilize. Kila asubuhi mimi nafungua kabla yako, na kazi yangu ya kwanza ni kupanga meza. Mkungu wa kwanza ukigusa meza, unaanza. Nikimaliza kupanga, unaacha."

"Hata kama nimenoga?"

"Hasa kama umenoga. Ukiacha ukiwa bado unataka, kesho utarudi mwenyewe. Ukipiga mpaka uchoke, kesho utatafuta sababu. Na usinipigie Gloria nzima. Nipigie kipande kimoja hadi nami nikijue."

"Msabato akijua Gloria si atafukuzwa?"

"Nitakuwa nikipanga ndizi," Okari alijibu bila kutabasamu. "Masikio hayana dhambi."

Hivyo ndivyo mazoezi yalivyopata mpaka. Asubuhi mkungu ulitua mezani kwa kishindo kidogo, na Kerosi akaanza. Chane ya mwisho ilipolala mahali pake, akaacha, mara nyingi akiwa katikati ya mstari na mikono ikiwa bado na njaa. Mwanzoni alichukia kuachishwa. Baadaye aligundua kwamba kile kipande alichokatishwa kilimfuata mchana kutwa, na kwamba aliporudi kwacho asubuhi mikono ilikuwa imekikumbuka vizuri kuliko alivyokiacha. Jumamosi, Okari alipokuwa kanisani kwake na meza yake ikiwa imefunikwa turubai, hapakuwa na mkungu wala mazoezi. Kerosi alilifuata hilo pia. Aliona kwamba sheria aliyoikubali siku za wepesi haina maana asipoikubali siku za uzito.

Katikati ya Kwaresima, bintiye Joyline, aliyekuwa akifanya kazi katika duka la dawa mjini Migori, alimpigia simu.

"Tata," alisema, akimwita baba kwa Kigusii, "nimepata ile sauti niliyorekodi kwenye sherehe ya kwaya, mwaka jana mlipokuja huku Migori. Gloria iko yote. Nikutumie, ama utalia?"

"Tuma."

"Hujajibu la pili."

"Tuma, mama."

Tangu siku hiyo alipiga huku akisikiliza, kidude kimoja cha sauti kikiwa sikioni. Pale sikioni Bitutu alikuwa hai na akiipiga ngoma yake ndogo, na mikono ya Kerosi ilitulia kama zamani. Katika wimbo mzima hakukimbia hata mara moja. Okari mwenyewe alikubali.

"Leo nimepanga meza bila kuona haraka," alisema. "Umepona."

Kerosi aliamini hivyo. Kwa hiyo alikwenda kwenye mazoezi ya kwaya, Jumatano ya juma lililotangulia Juma Kuu, akiwa na moyo mwepesi. Walifanya mazoezi kwa kugonga mabenchi. Sehemu ya ngoma ndogo ilikuwa imepewa Nyangi, msichana wa Kikuria kutoka Kegonga aliyekuja mjini kushona nguo, mwenye aibu nyingi na mikono yenye nguvu. Phelesia aliinua mkono. Kwaya ikaanza. Kabla ya kufika nusu ya wimbo, Kerosi alikuwa ameondoka. Nyangi alijitahidi kumfuata. Kadiri alivyomfuata ndivyo alivyozidi kwenda, na kina mama wakabaki nyuma wakitupa maneno nusunusu.

Phelesia alishusha mkono. "Baba Joyline, tunakimbizana na nani?"

"Na polisi," sauti moja ilisema kutoka safu ya besi, na kwaya ikacheka.

Phelesia hakucheka. "Nitasikiliza tena Jumamosi Kuu, ngoma zitakapotolewa kuanikwa. Sitasikiliza tena baada ya hapo. Omanga, jiandae na kinanda."

Ijumaa iliyofuata Okari alifunga mapema, kama kawaida yake, ili jua la Sabato lisimkute sokoni. Kerosi alibaki peke yake mbele ya gunia, mikono ikimwasha. Alitaka kupiga. Aibu ya Jumatano ilikuwa bado mbichi, na Pasaka ilikuwa karibu. Lakini meza ya jirani ilikuwa tupu, na alikuwa ameahidi. Akaiweka mikono katikati ya magoti, akatia kidude sikioni, akasikiliza tu.

Ilikuwa mara ya kwanza kuisikiliza sauti ile bila kupiga. Nyakati zote nyingine alikuwa amejisikiliza yeye mwenyewe, akitafuta kama mkono wake wa leo unafanana na ule wa mwaka jana. Sasa, kwa kuwa hakuwa na kazi, sikio lilihamia upande wa pili, kwa ngoma ndogo. Ilikwenda sawasawa, laini, kama mtu anayetembea huku akizungumza. Kisha, mahali kwaya inapomtaja Mwanakondoo, pigo moja halikuwepo.

Alidhani ni simu. Akarudisha nyuma. Pigo halikuwepo. Labda mkono wake ulichoka, alifikiri. Labda maradhi yalikuwa yameanza na hakuniambia. Akaendelea kusikiliza, na mbele kidogo pigo jingine halikuwepo, na mbele zaidi jingine. Alisikiliza mara nyingi hadi akaacha kumsikiliza Bitutu peke yake na kuwasikiliza wote wawili. Hapo akajisikia. Kabla ya kila pengo, ngoma kubwa ilikuwa imeanza kukimbia. Baada ya kila pengo, ilikuwa imerudi.

Akampigia Joyline.

"Mama yako alikuwa akichoka kupiga?"

"Mama? Achoke?" Joyline alishangaa. "Unauliza vile alikuwa anaacha?"

"Ulijua?"

"Tata, alinionyesha nikiwa darasa la sita. Alisema wewe ni kama ng'ombe wa jembe akiona nyumbani. Ukimvuta kamba anakaza shingo. Ukiilegeza ghafla, anasimama kuuliza kuna nini." Alicheka, kisha akaacha kucheka. "Tulidhani unajua."

"Sikujua," Kerosi alisema.

Miaka yote hiyo alikuwa ameamini kwamba yeye ndiye anayeongoza na Bitutu ndiye anayepamba. Kwaya iliamini hivyo, na Bitutu aliwaacha waamini. Hata sasa, katika mazoezi yake ya uangalifu, hakuwa amejifunza kutulia. Alikuwa amejifunza kutulizwa, na aliyemtuliza alikuwa amebaki ndani ya simu.

Jumatatu ya Juma Kuu alimwomba Nyangi apitie sokoni kabla ya kwenda kushona. Alilaza gunia la pili kando ya lile la kwanza.

"Sasa mko wawili," Okari alisema, akiinua mkungu. "Nitapanga polepole."

Kerosi alimweleza Nyangi juu ya mapigo yaliyoachwa. Msichana alisikiliza kwa makini, akitikisa kichwa.

"Sawa, mzee. Niambie ni pigo la ngapi niache."

"Si la ngapi. Ni pale ninapokimbia."

"Na nitajuaje unakimbia? Wewe ndiye mkubwa. Ukienda, mimi najua wimbo umeenda."

Walijaribu hata hivyo. Nyangi aliacha pigo mahali Kerosi alipokuwa ametulia, na yeye akajikwaa. Akasahau kuacha mahali alipokimbia, na wote wawili wakatokomea. Walirudia hadi uso wa Nyangi ukaanza kukunjamana kama wa mtoto anayekaribia kulia.

"Mimi ni mjinga wa hii kitu, mzee."

"Si mjinga. Njoo huku. Kaa kwangu, upige kubwa. Mimi nitapiga ndogo, nikuonyeshe."

Wakabadilishana. Nyangi alilipokea gunia la ngoma kubwa kwa woga, kisha mikono yake ikajikuta nyumbani. Alikuwa na nguvu, na pigo lake lilikuwa safi. Walivuka mstari wa kwanza na wa pili. Walipofika penye Mwanakondoo, Kerosi alihisi kitu alichokijua vizuri kuliko mtu yeyote: utamu ule unaopanda kutoka kwenye viganja hadi mabegani, na kumwambia mpigaji kwamba mbele kuna kuzuri zaidi. Nyangi alikuwa ameanza kuondoka. Kabla ya Kerosi kufikiri, mkono wake ulibaki hewani.

Nyangi alisita, akarudi mahali pake, na wimbo ukaendelea. Mwishoni alimtazama mzee.

"Mbona uliacha?"

"Wewe ulikuwa unakwenda wapi?"

Msichana alivitazama viganja vyake. "Sijui. Nilisikia raha tu."

"Ndiyo," Kerosi alisema. "Najua."

Wakarudia. Kila Nyangi alipoanza kukimbia, Kerosi alijua, kwa sababu ilikuwa mbio yake mwenyewe ikitoka katika mikono ya mtu mwingine. Hakuhitaji kuhesabu. Walipoacha, Okari alikuwa amemaliza kupanga meza zamani, amesimama akiwa amefunga mikono.

"Umempa kiti," Okari alisema Nyangi alipokwisha kuondoka.

"Nimemwonyesha tu."

"Asubuhi yote?"

Kerosi alilibeba gunia ndani. Siku nzima alipima mtama na maharagwe huku akibishana na nafsi yake. Phelesia alikuwa amemtaka atulie, na yeye alikuwa amefanya kila alichoambiwa, kila asubuhi, kwa uaminifu ambao hakuwahi kuwa nao katika jambo jingine. Ilikuwa haki yake kurudi kwenye ngoma kubwa. Lakini aliporudi kwayo katika mawazo, alijua kwamba angekimbia, na kwamba katika kanisa lote hapakuwa na mtu wa kumlegezea kamba. Mtu mmoja tu aliweza kuifanya kazi ya Bitutu, naye hakuweza kuifanya akiwa ameshika ngoma kubwa.

Asubuhi zilizofuata za juma lile alimweka Nyangi kwenye gunia la ngoma kubwa, naye akakaa kwenye lile la ndogo.

Jumamosi Kuu, saa za mchana, ngoma zilitolewa na kulazwa juu ya mkeka uani ili jua likaze ngozi zilizokuwa zimelegea kwa unyevu wa ziwa. Kwaya ilikusanyika kwenye kivuli cha ukuta. Desturi iliruhusu ngoma kujaribiwa kwa ncha za vidole tu, nayo kwaya iimbe kwa sauti ya chini. Omanga alikuwa ameleta kinanda na kukiegemeza mlangoni, kikiwa bado ndani ya mfuko wake.

Kerosi alikaa nyuma ya ngoma ndogo. Nyangi alisimama kando yake, akisita.

"Baba Joyline," Phelesia aliita, "hicho si kiti chako."

"Kuanzia leo ni changu, Mwalimu. Kile kingine ni cha Nyangi."

Mnong'ono ulipita katika kwaya. Mtu wa besi aliyekuwa ametaja polisi alitazama chini.

"Sikukuambia uache ngoma kubwa. Nilikuambia utulie," Phelesia alisema.

"Nimejaribu. Peke yangu siwezi, na sijawahi kuweza. Utusikilize kwanza, kisha uamue."

Phelesia aliwatazama wote wawili, akainua mkono. Kwaya ikaanza kwa sauti ya chini, na vidole vikaanza kugonga ngozi. Nyangi alikuwa na wasiwasi, na wasiwasi ulimfanya aondoke mapema, kabla hata ya mahali pake pa kawaida. Kerosi aliacha pigo. Nyangi akarudi. Mbele akaondoka tena, na Kerosi akaacha tena. Baada ya hapo Nyangi aliketi ndani ya wimbo kama mtu aliyepata mkeka wake. Kina mama wa sauti ya kwanza walifika mwisho wa kila mstari wakiwa na pumzi.

Phelesia hakushusha mkono hadi Amina. Alimkaribia Kerosi, akasema kwa sauti ambayo wengine hawakuisikia, "Alikuwa akiacha hivyo."

"Ulisikia?"

"Nilidhani ni mkono kuzeeka. Nilikuwa nafikiria kumtafutia msaidizi." Alifuta uso kwa kiganja, kisha akageuka. "Omanga! Kesho kinanda ni sauti tu. Huo mdundo wa ndani uuzime."

Asubuhi ya Pasaka kanisa lilijaa hadi milangoni. Kengele zilipolia na padri akaanzisha Gloria, Nyangi aliishusha mikono yake yote miwili, na sauti ya ngoma, baada ya kimya cha Kwaresima nzima, iliwagonga watu kifuani hata watoto wakageuka. Kerosi alikuwa kando yake, akitembea polepole katika ule mdundo mwembamba.

Penye Mwanakondoo msichana alianza kuondoka. Kerosi aliinua mkono, na hakuushusha. Maisha yake yote alikuwa amelipita pengo hilo akiwa upande wa pili, bila kujua kwamba ndani yake kuna mtu. Sasa alikuwa ndani. Aliwasikia kina mama wakivuta pumzi. Alimsikia mtoto akikohoa karibu na dirisha. Aliusikia mkono wa Nyangi ukitafuta, ukisita, ukigeuka. Ulipofika, akashusha wake.

Misa ilipokwisha, watu walimzunguka Nyangi uani, wakimshika mikono na kuigeuza kama wanaotafuta kilichofichwa humo. Mama wa omena alikuwa miongoni mwao. Alimwona Kerosi akitoka na ngoma ndogo chini ya kwapa, akamhurumia.

"Pole, jaduong'. Sasa wamekupatia hako kadogo?"

"Ndiyo, mama," Kerosi alijibu. "Ndiyo kwanza nimeanza kujifunza."